Mashine Imesoma Nini? Kweli na Si Kweli Kuhusu Mchanganyiko Mzito na Mwepesi wa Injini

Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Fundi anachomeka mashine chini ya usukani, anatazama kioo chake kidogo, kisha anatoa hukumu: "Bosi, sensa ya oksijeni imekufa. Andaa hela." Mwenye gari anakwenda Kariakoo, au Kirinyaga Road kama yuko Nairobi, ananunua sensa, inafungwa, msimbo unafutwa. Baada ya siku chache taa inawaka tena, na gari linakula mafuta kama jana.

Hela imekwenda na ugonjwa umebaki. Mara nyingi mashine yenyewe haikukosea. Tatizo ni madai yanayorithiwa gereji kwa gereji kuhusu maana ya namba zile, na kila dai lisilo sahihi lina bei inayolipwa na mwenye gari. Hapa tunayapitia madai hayo moja baada ya jingine.

Kwanza tuelewane juu ya msingi. Petroli huungua vizuri zaidi pale gramu 14.7 za hewa zinapokutana na gramu 1 ya petroli. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi. Petroli ikizidi, mchanganyiko ni mzito. Kontroli boksi hukadiria petroli ya kumwaga kutokana na hewa inayoingia, halafu hutazama sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ijue kama makadirio yake yalikuwa sawa. Yakiwa yamekosewa, hujisahihisha. Masahihisho hayo ndiyo unayoyaona kwenye mashine kwa asilimia: STFT ni ya muda mfupi, yanabadilika kila sekunde, LTFT ni ya muda mrefu, yaani yale ambayo kontroli boksi imeyazoea na kuyahifadhi.

Dai la 1: Namba ikiwa chanya, injini inapata mafuta mengi.

Si kweli, na hili ndilo kosa linalozaa mengine yote.

Namba chanya inaeleza kile ambacho kontroli boksi imefanya. Ukiona +20, maana yake imeongeza petroli kwa asilimia 20 juu ya hesabu yake ya kawaida, kwa sababu iliona oksijeni imezidi kwenye ekzosi. Ugonjwa ni wepesi. Nyongeza ndiyo dawa. Ukiona -20, imepunguza petroli kwa sababu iliona uzito. Anayeisoma namba kinyume ataanza kutafuta nozeli inayovuja kwenye injini ambayo kwa kweli ina mpira wa hewa uliopasuka.

Usisome namba moja peke yake pia. Jumlisha zote mbili. LTFT ikiwa +18 na STFT -2, jumla ni +16. Injini yenye afya hucheza kati ya -5 na +5. Hadi 10 kwa upande wowote unaweza kuvumilia huku ukifuatilia. Ikivuka hapo, kuna jambo. Ikikaribia 20 au 25, kutegemea mtengenezaji, taa huwaka: P0171 na P0174 kwa wepesi, P0172 na P0175 kwa uzito.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Masahihisho yakifanikiwa, mchanganyiko unaoungua ndani unakuwa sawa kabisa. Ndiyo maana gari lenye +15 linaweza kwenda vizuri na plagi zake zikawa safi. Ugonjwa upo, ila kontroli boksi inaubeba.

Dai la 2: P0171 maana yake badili sensa ya oksijeni.

Si kweli. Mjumbe hauawi.

Sensa imeleta habari kwamba hewa imezidi. Kuitoa na kufunga nyingine ni kumfukuza mjumbe kwa sababu habari yake haipendezi. Mpya nayo italeta habari ileile. Sensa ya mbele ikiwa na ugonjwa wake yenyewe, ina misimbo yake, kuanzia P0130 hadi P0135.

Unataka kujua kama iko hai? Ipe injini joto la kutosha, fungua ukurasa wa volti za sensa, kisha kanyaga mafuta kwa ghafla na uachie. Kwa sensa ya aina ya zamani, unapokanyaga volti inapaswa kuruka hadi 0.8 au 0.9, na unapoachia, pale nozeli zinapofungwa kwa muda, ishuke karibu na 0.1. Ikiruka na kushuka haraka namna hiyo, inafanya kazi. Rudi utafute hewa inakoingilia.

Dai la 3: Sensa hupima petroli iliyobaki kwenye moshi.

Si kweli. Sensa hupima oksijeni tu. Petroli haiioni.

Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoua masega ya ekzosi, yaani kile kifaa kinachosafisha moshi. Chukua injini ya silinda nne ambayo koili moja imekufa. Silinda ile inavuta hewa na petroli kama kawaida, lakini cheche haipo, kwa hiyo vyote viwili vinatoka bila kuungua. Nyuma ya gari petroli inanuka hadi macho yanauma. Ukiuliza watu watasema mafuta ni mengi. Mashine inasema kinyume: mchanganyiko ni mwepesi. Iko sahihi kwa kile inachokiona, maana oksijeni yote ya silinda ile imefika kwenye sensa ikiwa nzima.

Kontroli boksi inaamini habari hiyo na kuongeza petroli kwenye silinda zote, pamoja na zile tatu nzima. Sasa silinda nzima zinazidishiwa kweli, na petroli isiyoungua inakwenda kuungua ndani ya masega. Masega yanapata joto kupita kiasi na yanaweza kuyeyuka.

Kwa hiyo gari likiwa linamisi, au mashine ikionyesha P0300 au misimbo ya silinda mojamoja kama P0301 hadi P0304, achana na namba za mchanganyiko kwanza. Tibu misi, kisha ndipo usome. Tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa nalo huleta udanganyifu wa aina hiyo: hewa ya nje inavutwa ndani, sensa inaiona, na petroli inaongezwa bila sababu. Sikiliza mlio wa kuvuja kwenye maungio na gaskiti ya manifoldi ya ekzosi wakati injini bado ya baridi.

Dai la 4: Sensa isiyochezacheza imekufa.

Nusu kweli. Inategemea ni sensa gani na imefungwa wapi.

Sensa ya aina ya kwanza, ambayo Bosch iliileta sokoni mwaka 1976 kwenye magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani, hurukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9. Mpaka wake ni karibu 0.45: juu yake mchanganyiko ni mzito, chini yake ni mwepesi. Sensa hiyo ikiwa mbele ya masega na imeganda sehemu moja wakati injini ina joto, una haki ya kuishuku.

Ile ya nyuma ya masega ni habari nyingine. Masega yenye afya huhifadhi oksijeni na kuitoa taratibu, hivyo sensa ya nyuma hutulia, mara nyingi kwenye volti 0.6 au 0.7. Hapo utulivu ni dalili njema. Ya nyuma ikianza kuiga miruko ya ile ya mbele, ndipo masega yanaposhukiwa, na msimbo P0420 huja.

Halafu kuna sensa ya hewa na mafuta ambayo Toyota na wengine wameitumia kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hii hairuki. Inakaa karibu na volti 3.3, na baadhi ya mashine za kawaida huionyesha kama 0.66. Zaidi ya hapo, inasomwa kinyume: volti zikipanda, mchanganyiko ni mwepesi, zikishuka, ni mzito. Fundi anayeisoma kama ile ya zamani atamwambia mwenye gari uongo bila kukusudia. Kabla ya kutafsiri volti yoyote, hakikisha kwa namba ya spea ni sensa ya aina gani.

Dai la 5: STFT ikisimama kwenye 0, mchanganyiko uko sawasawa.

Si kweli. Huenda kontroli boksi haijaanza kujisahihisha.

Injini ikiwa ya baridi, au ukikanyaga mafuta hadi mwisho, kontroli boksi huacha kuisikiliza sensa na kufuata hesabu iliyopangwa kiwandani. Wakati huo STFT hukaa 0 kwa sababu hakuna anayesahihisha. Mashine nyingi zina mstari unaoonyesha hali hiyo: OL ni bila masahihisho, CL ni pamoja na masahihisho. Ukiona OL, subiri. Ukiona volti 0.9 gari likipanda mlima mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, usishtuke. Uzito huo umepangwa ili kulinda injini na kuipa nguvu.

Dai la 6: Nchi yetu ina joto, thamostati haina kazi.

Si kweli, na dai hili limemaliza petroli nyingi Afrika Mashariki.

Gari likichemsha mara moja, thamostati inang'olewa na kutupwa. Kuanzia hapo maji yanazunguka kwenye rejeta bila kizuizi. Barabarani, upepo ukipiga, injini inaweza kubaki chini sana ya joto lake la kazi, ambalo kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 85 na 100. Kontroli boksi inasoma nyuzi 60, inaamini injini bado inaamka, na kuendelea kumwaga petroli ya ziada. Jua la Dar es Salaam halisaidii kitu, kwa sababu nyuzi 32 za nje ziko mbali mno na 85.

Sensa ya joto la maji ikiwa mbovu na kusoma baridi wakati wote, matokeo ni hayohayo. Ndiyo maana kabla ya kusoma namba yoyote ya mafuta, tazama joto la maji. Kama gari limetembea nusu saa na bado linasoma 60, umepata pa kuanzia, na thamostati ni spea ya bei ndogo kuliko sensa.

Dai la 7: Kupima mara moja gari likiwa limesimama kunatosha.

Si kweli. Namba moja ni nusu ya habari. Habari kamili iko kwenye namna inavyobadilika.

Tuchukue gari lenye injini ya cc 1,800 inayopima hewa kwa sensa iliyo karibu na ea klina. Likiwa kwenye sailensi, mguu haupo kwenye mafuta, LTFT ni +19 na STFT +6. Jumla +25. Fundi mwenye haraka anafunga mashine. Fundi makini anapandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kuishikilia hapo. Namba zinaanza kushuka, na jumla inatulia kwenye +4.

Kushuka huko kunataja ugonjwa. Kuna hewa inayoingia baada ya sensa, bila kupimwa. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo, hivyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya yote. Kwenye mizunguko 2,500 hewa halali ni nyingi, na ile ya wizi inakuwa kidogo isiyo na uzito. Sasa fundi anachukua dawa ya kusafishia kabureta na kupuliza kidogokidogo kwenye mipira na gaskiti za manifoldi, huku macho yakiwa kwenye STFT. Anafika nyuma, kwenye mpira ulioiva kwa joto na kupasuka kwenye kona. Akipuliza pale, STFT inaporomoka kutoka +6 hadi -10, kwa sababu dawa imevutwa ndani na kuungua kama mafuta. Tundu limepatikana, na sensa imethibitisha yenyewe kwamba ni hai. Dawa hiyo hushika moto: isikaribie ekzosi yenye joto wala nyaya zinazotoa cheche.

Mwendo wa kinyume una maana ya kinyume. Namba zikiwa njema kwenye sailensi lakini zikapanda kadiri unavyokanyaga, petroli haifiki ya kutosha, au hewa inapimwa pungufu. Shuku pampu, filta ya mafuta, nozeli zilizoziba, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Geji ya presha ya mafuta itatenganisha. Kwa sensa ya hewa, tazama gramu kwa sekunde: injini ya cc 1,800 yenye joto, ikiwa kwenye sailensi, husoma takriban kati ya 1.5 na 2.5. Isafishe kwa dawa yake maalumu bila kugusa waya wake kwa kitambaa.

Angalizo moja. Magari yasiyo na sensa ya kupima hewa, yanayotegemea sensa ya msukumo ndani ya manifoldi kama Honda nyingi za miaka ya 1990, hayafuati kanuni hii. Kwao hewa ya wizi hupandisha msukumo, kontroli boksi inaiona na kuilipia petroli. Sailensi inapanda, lakini namba za masahihisho huenda zisitikisike.

Dai la 8: Benki 1 ni upande wa dereva.

Si kweli. Benki 1 ni upande wenye silinda namba 1, popote ulipo. Jambo hili linahusu injini za V6 na V8. Silinda nne za mstari mmoja kwa kawaida zina Benki 1 peke yake. Kwenye injini ya V, pande zote mbili zikiwa nyepesi, tafuta kinachozihudumia zote: pampu, sensa ya hewa, bomba kuu la hewa. Upande mmoja ukiwa mwepesi na mwingine mzima, tafuta upande ule ule: gaskiti yake, nozeli zake, ekzosi yake.

Dai la 9: Ea klina chafu ndiyo inayofanya gari lile mafuta.

Kweli kwa kabureta. Kwa magari ya nozeli, karibu yote si kweli. Kabureta haipimi hewa, hivyo ukiibana, petroli inazidi. Kontroli boksi hupima hewa iliyoingia na kumwaga petroli inayolingana nayo. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilijaribu magari ya kisasa ya petroli kwa ea klina iliyoziba, na matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa maana. Kilichopungua ni uwezo wa kuchanganya mwendo. Ibadili kwa wakati kwa sababu vumbi la barabara zetu hula injini na kuchafua sensa ya hewa. Lakini ukiona -18 kwenye mashine, usitegemee ea klina mpya iirudishe.

Dai la 10: Moshi mweusi na plagi zenye masizi makavu ni dalili ya mafuta mengi.

Kweli. Mashine ikisoma -15 au chini zaidi na plagi zina masizi makavu meusi, ushahidi umekubaliana. Kazi iliyobaki ni kutafuta petroli inatokea wapi.

Anza na vinavyoonekana bila gharama. Kama regulata ya presha ya mafuta ina mpira mdogo unaokwenda kwenye manifoldi, uchomoe. Ukikuta petroli ndani yake, ngozi ya regulata imetoboka na injini inanyweshwa kupitia mlango wa nyuma. Kisha vuta kijiti cha oili na ukinuse. Oili yenye petroli hutoa mvuke unaorudishwa kwenye manifoldi, na namba hushuka hata kama nozeli ni nzima. Badili oili kabla ya kuendelea. Kama uzito unatokea zaidi baada ya kujaza tenki, shuku vali inayopeleka mvuke wa tenki kwenye injini. Hapo ndipo zamu ya nozeli inayovuja inapofika.

Dai la 11: Futa msimbo kwanza, tuone kama utarudi.

Si kweli kwamba hakuna hasara. Msimbo unapoingia, kontroli boksi huhifadhi picha ya dakika ile: mizunguko, mwendo, joto la maji, mzigo wa injini, STFT na LTFT. Picha hiyo inakwambia kama gari liliugua likiwa kwenye foleni au likipanda mlima. Ukifuta, imepotea. LTFT nayo hurudi 0, na itahitaji safari kadhaa kujifunza upya. Mteja anaondoka na namba nzuri ambazo hazina maana yoyote. Kuchomoa betri, kwenye magari mengi, huleta hasara hiyohiyo.

Kabla hujatoa hela

Mashine nzuri ya kupimia haina haja ya kuwa ya bei mbaya. Inayoonyesha STFT, LTFT, joto la maji, volti za sensa na picha ya msimbo inatosha kwa kazi nyingi. Kinachokosekana ni desturi ya kuandika. Mwenye gari, omba haya kwenye karatasi kabla ya spea yoyote kununuliwa: msimbo pamoja na picha yake, joto la maji, jumla ya STFT na LTFT kwenye sailensi, jumla hiyo kwenye mizunguko 2,500, na jumla hiyo gari likivuta mzigo. Fundi mwenye ujuzi hatakasirika. Karatasi hiyo ndiyo inayomlinda dhidi ya mteja anayedai alibahatisha. Baada ya matengenezo, namba hizohizo zipimwe tena na kuandikwa kando ya zile za mwanzo. Zikiwa zimerudi kati ya -5 na +5, gari limepona. Zikiwa hazikusogea, spea iliyofungwa haikuwa tatizo, na mwenye gari ana haki ya kusema hivyo akiwa na ushahidi mkononi.